Manahodha Wawili, Chombo Kimoja

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi wanachama tumezoea kuitumia methali hiyo katika mambo ya uongozi: tawi lenye wenyeviti wawili, karakana yenye wasimamizi watatu, chama cha ushirika ambacho kila mjumbe wake ni mkubwa. Leo twaitumia kwa jambo ambalo ni nadra kuzungumzwa katika mikutano yetu, nalo ni mwili wa mtu mgonjwa. Mwili nao ni chombo. Na wako ndugu zetu ambao chombo chao kina manahodha wawili wasiojuana, mmoja akiamuru tanga lipandishwe na mwenzake akiamuru lishushwe, na abiria ni yule yule mmoja.

Katika tawi letu tunaye mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli tangu ujana wake hata akastaafu. Jina lake hatulitaji, lakini ametupa ruhusa ya kusimulia habari zake, maana ameona kwamba zaweza kuwafaa wengine. Miaka kadhaa iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka alipokuwa ameketi bila kazi, na kutulia kila aliposhika kitu. Baadaye hatua zake zikawa fupi, uso wake ukakauka kama uso wa mtu aliyekasirika, na mwandiko wake, ambao zamani ulisifiwa na wakubwa wake kazini, ukawa mdogo kama nyayo za siafu. Siku moja karani wa malipo aliikataa sahihi yake, akisema haifanani na ile ya zamani. Mzee alisimama pale dirishani, kitambulisho mkononi, akiambiwa kwamba yeye si yeye.

Waganga wa hospitali walimwambia kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Kabla hajaizoea habari hiyo, moyo nao ukaanza kumlemea. Akawa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, na miguu ikamvimba hata viatu vikamkataa. Akapelekwa kwa mganga wa moyo. Tangu hapo akawa na siku mbili za kwenda hospitali, vyumba viwili, waganga wawili na mafaili mawili.

Katika mkutano mmoja wa tawi mzee huyu aliinuka upesi ili ampe mgeni mkono, akaanguka mbele za watu. Vijana wawili waliokaa nyuma walicheka, wakanong'ona kwamba mzee amepitia kilabuni. Mwanamke mmoja akasema kuna mkono wa mtu. Tulipokwenda nyumbani kumjulia hali tulimwamkia, "Shikamoo, Mzee," naye akaitika "Marahaba" kwa sauti ndogo iliyotulazimisha kutega masikio. Kisha akamwagiza binti yake alete karatasi mbili. Ya kwanza ilisema: punguza chumvi, punguza maji. Ya pili ilisema: ongeza maji, na chumvi usiiogope. Akatutazama, akasema: "Mwanangu, karatasi zote mbili zina muhuri. Nitii ipi?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tumeuliza, tumesoma, na leo twaandika, kwa sababu swali lile si la mzee mmoja tu.

Yafaa kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Aliyeueleza vema kwa mara ya kwanza katika nchi za Ulaya ni James Parkinson, mganga wa mtaa wa Hoxton, London, katika kijitabu alichokitoa mwaka 1817. Alisimulia habari za wagonjwa sita, na baadhi yao aliwaona njiani tu wakipita. Wanachama watafurahi kujua kwamba mganga huyo alikuwa pia mpigania haki. Aliandika vijitabu vya kudai kwamba watu wa chini wawe na sauti katika Bunge la Uingereza, na mwaka 1794 aliitwa kuhojiwa mbele ya Baraza la Mfalme. Sisi twaamini kwamba macho yaliyozoea kuwatazama wanyonge ndiyo yaliyotambua kuwa mtu atetemekaye njiani ana ugonjwa wenye njia yake, wala si mlevi.

Ndani ya ubongo kuna chembe hai zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho kazi yake ni mfano wa kazi ya tarishi apelekaye amri za mwendo kutoka ofisi moja hata nyingine. Chembe hizo zinapokufa, matarishi hupungua, na amri huchelewa kufika. Ndipo mtu akawa mzito, viungo vikakakamaa, mkono ukatetemeka, na mwili ukakosa msimamo. Katika miaka ya 1960 wataalamu walianza kuwapa wagonjwa dawa iitwayo levodopa, ambayo ubongo huigeuza ikawa dopamini. Dawa hiyo haiondoi ugonjwa, lakini humrudishia mtu mikono na miguu yake kwa saa kadhaa, kila anapoimeza. Siku hizi huchanganywa na kabidopa, ili isiishie njiani kabla ya kufika ubongoni.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hauletwi na jini wala jirani. Wala si uzee mtupu, ingawa wengi huwapata baada ya umri wa miaka 60. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 ulimwenguni walikuwa nao. Hapa kwetu, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 kati ya watu zaidi ya 160,000. Na wengi katika hao walikuwa hawajaambiwa na mtu yeyote jina la ugonjwa wao. Waliishi nao miaka, wengine wakidhani ni uzee tu, wengine wakidhani wamerogwa. Huo ndio ujinga tuliouapia vita mwaka 1961, pamoja na wenzake wawili, umaskini na maradhi. Na hapa maadui wote watatu wameketi katika nyumba moja.

Sasa tuzirudie zile karatasi mbili.

Moyo uliochoka hushindwa kuisukuma damu ipasavyo. Maji hurudi nyuma, yakajaa katika mapafu na kuvimbisha miguu. Chumvi huyashika maji hayo mwilini. Kwa hiyo mganga wa moyo huagiza chumvi ipunguzwe, na pengine maji ya kunywa pia; hutoa dawa ya kukojoza, na nyingine za kushusha shinikizo la damu, ambalo wengi twaliita presha, ili moyo usukume mzigo mwepesi. Amri yake ni ya haki.

Ugonjwa wa Parkinson nao hauishii katika mikono. Huharibu pia neva zinazoikaza mishipa ya damu wakati mtu anaposimama. Mtu mzima asimamapo, mishipa hiyo hujikaza mara moja ili damu isitelemke yote miguuni. Kwa mgonjwa huyu haijikazi. Presha huporomoka, macho hupata giza, naye huanguka. Na levodopa yenyewe huongeza kuishusha. Kuanguka kwa mzee si jambo dogo: nyonga ikivunjika, mara nyingi ndio mwisho wa kutembea kwake. Kwa hiyo mganga wa neva huagiza maji yaongezwe, na chumvi pia, ili damu ijae katika mishipa. Amri yake nayo ni ya haki.

Basi mganga wa kwanza alisema kweli, na mganga wa pili alisema kweli. Kila mmoja alikitazama kiungo chake akakitendea haki. Ambaye hakutazamwa ni mwenye viungo vyote viwili.

Je, haya hayana suluhisho? Yanalo, tena halihitaji mitambo mikubwa. Lahitaji kwanza kupima. Mgonjwa wa namna hii hapaswi kupimwa presha akiwa ameketi tu, kama ifanywavyo mara nyingi kwa haraka ya foleni. Alazwe dakika tano apimwe. Kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ile ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo ni ishara ya hatari, na anayeandika dawa za presha bila kuiona anaandika gizani. Pili, mgonjwa apimwe uzito kila asubuhi. Uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo mbili katika siku tatu, maji yanajikusanya, na mganga aambiwe kabla pumzi haijakatika.

Namba hizo zikiwekwa mbele ya mganga mmoja, uamuzi wapatikana. Huenda kidonge cha presha ambacho mzee alikianza miaka mingi iliyopita hakihitajiki tena, kwa kuwa ugonjwa wa Parkinson umekwisha kuishusha presha yenyewe. Huenda vidonge viwili vimezwavyo saa moja vyaweza kutenganishwa. Huenda dawa ya kukojoza yaweza kupunguzwa robo bila miguu kuvimba. Na yako mambo yanayowafaa manahodha wote wawili. Kitanda kikiinuliwa upande wa kichwani kwa kuwekewa matofali chini ya miguu yake miwili, mwenye moyo dhaifu hupumua vizuri zaidi usiku, na mwenye presha ya kuporomoka husimama vizuri zaidi asubuhi. Matofali mawili yamefanya kazi ya karatasi mbili bila kugombana.

Karatasi za chumvi ni mfano mmoja tu wa ugomvi huu. Mgonjwa wa Parkinson akitapika au kichefuchefu kikimshika, hospitali nyingi humpa metoklopramidi. Hiyo huwazuia wale matarishi wachache waliobakia, na mgonjwa hukakamaa kama mti. Hali kadhalika haloperidoli, anayopewa mtu aliyechanganyikiwa usiku wodini. Mganga ajuaye hilo huchagua domperidoni, ambayo haiingii sana ubongoni. Lakini domperidoni nayo yaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mwaka 2014 wakubwa wa dawa wa Ulaya waliiwekea mipaka kwa sababu hiyo. Dawa mbili za zamani za Parkinson, pergolidi na kabergolini, zilikutwa zikiharibu vali za moyo, na mwaka 2007 pergolidi iliondolewa katika soko la Marekani. Ni dhahiri basi kwamba ubongo na moyo havikuumbwa katika idara mbili.

Na mapafu je? Misuli ya kifua hukakamaa kama misuli ya mkono, na kikohozi hukosa nguvu. Kumeza huwa kugumu, chakula na mate vikapotea njia na kuingia pafuni, ndipo ikaja nimonia, ambayo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wagonjwa hawa. Mwenye pumu au kifua kilichochakazwa na moshi, vumbi la migodi au tumbaku huwa na taabu maradufu. Kichupa cha kupulizia dawa hutaka mkono mtulivu na pumzi ya wakati mmoja, naye hana hata kimojawapo. Chupa tupu ya maji ya plastiki, iliyotobolewa kitako na kuchomekwa kichupa hicho, humsaidia kuivuta dawa taratibu. Tena dawa ya pumu yenyewe, salbutamoli, huongeza kutetemeka kwa mikono. Na propranololi, ambayo wengine hupewa kwa ajili ya kutetemeka au presha, ni sumu kwa mwenye pumu. Bila mtu mmoja wa kuyatazama yote, mgonjwa hutibiwa kitetemeshi kwa kitu kimbanacho pumzi, na kukosa pumzi kwa kitu kimtetemeshacho.

Wengi wetu twamkumbuka Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeitembelea nchi yetu mwezi Septemba 1990 akiwa na nguvu zake. Katika miaka yake ya mwisho ulimwengu mzima ulimwona akitetemeka kwa ugonjwa huu wa Parkinson. Mwezi Februari 2005 alilazwa kwa mafua na kukosa pumzi, akatobolewa koo ili apate hewa. Na tarehe 2 Aprili akafariki, moyo na mzunguko wa damu vikiwa vimeshindwa. Ubongo, pumzi na moyo vilimwangusha kwa pamoja, ingawa alikuwa na waganga bora wa dunia kando ya kitanda. Kadhalika Muhammad Ali, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1980 kama mjumbe wa Marekani. Miaka minne baadaye waganga wakautambua ugonjwa wake, na mwaka 1996, huku akitetemeka mbele ya ulimwengu, akauwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta. Basi asione haya mtu yeyote kwa sababu mkono wake hautulii.

Liko jambo moja ambalo linatuuma zaidi, nalo ni saa. Levodopa ni dawa ya saa. Mgonjwa aliyezoea kuimeza saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane na saa kumi na mbili jioni, akiicheleweshwa, hufungwa katika mwili wake kama mtu aliyefungiwa chumbani. Hawezi kujigeuza kitandani, hawezi kumeza, hawezi kumwita muuguzi. Sasa mtu huyu hulazwa kwa ajili ya moyo. Mifuko yake ya dawa huchukuliwa mlangoni, na dawa hugawanywa kwa ratiba ya wodi. Dozi ya saa nne huja saa saba, au haiji kabisa kwa kuwa haimo katika duka la hospitali. Asubuhi mganga hupita, akamkuta amekakamaa, akaandika kwamba hali imezidi. Tena kuikatiza ghafula dawa hiyo ni hatari: mwili waweza kushikwa na homa kali na ukakamavu uuao. Mtu aliingia hospitali kwa moyo, akataka kufa kwa saa.

Hatusemi haya ili kuwalaumu wauguzi. Twawajua, ni wafanyakazi wenzetu, na mmoja wao hubeba wodi ya watu wengi usiku kucha. Twasema kwamba utaratibu ni mbovu, na utaratibu hutengenezwa na watu, kwa hiyo watu waweza kuutengeneza upya.

Atatokea mtu na kusema: wagonjwa hawa ni wachache, malaria yaua, akina mama wafa katika uzazi, watoto wakosa chanjo, kwa nini gazeti la Chama lijishughulishe na wazee watetemekao? Swali hili ni la haki, nasi hatulikwepi. Fedha ya umma ni ndogo, na apangaye fedha hiyo lazima achague. Lakini na atazame tunachokiomba. Tunaomba daftari, kalamu, mizani, na saa ya ukutani. Tunaomba kipimo cha presha kilichokwisha kununuliwa kitumike mara tatu badala ya mara moja. Mzee akianguka akavunjika nyonga kwa kukosa vitu hivyo, hospitali hiyo hiyo itamlaza kwa muda mrefu, na binti yake ataacha kazi ili amwuguze. Gharama hiyo haionekani katika vitabu vya Serikali, lakini yalipwa, tena yalipwa na wanawake. Na wazee hawa si wageni wa taifa hili. Reli tunayoipanda waliitengeneza wao.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila mgonjwa mwenye maradhi zaidi ya moja awe na daftari moja, wala si mawili, lenye dawa zake zote, kipimo chake na saa ya kuimeza. Na mganga yeyote atakayemwona aandike humo humo, baada ya kusoma aliloandika mwenzake. Pili, awepo mganga mmoja, hata akiwa tabibu wa kituo cha afya, atakayetajwa kwa jina kuwa ndiye nahodha. Mabingwa wa moyo na wa neva ni wachache, nao wamejaa Dar es Salaam na miji michache mikubwa. Lakini simu zipo hata vijijini, na bingwa aweza kuulizwa. Tatu, mgonjwa wa Parkinson akilazwa kwa ugonjwa wowote, dawa zake ziende naye kitandani na zitolewe kwa saa zake. Nne, levodopa pamoja na kabidopa, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima, ipatikane katika hospitali ya kila wilaya bila kukatika. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Neno "wote" ni neno zito. Twalishika kama lilivyoandikwa.

Hapa yatupasa kutoa onyo. Wapo watakaosikia kwamba mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, nalo ni kweli. Lakini mbegu haina mizani. Hakuna ajuaye ni kiasi gani kimo katika chungu kimoja cha upupu uliochemshwa, na mwenye moyo dhaifu ambaye presha yake hushuka hana nafasi ya kubahatisha. Dawa ikikosekana, dai dawa, usichemshe.

Serikali ina wajibu wake, nasi wanachama tunao wetu. Balozi wa nyumba kumi aijuaye kila kaya yake na ajue pia nani ndani ya kaya hizo hutetemeka, nani hulala amekaa kwa kukosa pumzi, na nani hajamwona mganga. Asimwite mlevi wala asimtafutie mchawi, ampeleke hospitali. Chama cha wafanyakazi nacho kiangalie kwamba mfanyakazi anayeanza kuwa mzito wa mikono hafukuzwi kwa uvivu kabla hajapimwa. Makarani wa malipo wajue kwamba mwandiko wa mgonjwa hubadilika, na dole gumba halibadiliki. Na sisi wana wa kiume tuache kuwatupia dada zetu kazi yote ya kuuguza, kana kwamba baba ni wao peke yao.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Asiache dawa kwa ghafula, hata akijiona nafuu. Aimeze levodopa kama nusu saa au zaidi kabla ya chakula chenye nyama, samaki au maharage, kwa maana vyakula hivyo huizuia kupita. Anapoinuka, ainuke kwa hatua tatu: akae ukingoni mwa kitanda, ahesabu, asimame huku ameshika kitu, ahesabu tena, ndipo aende. Atembee kila siku kadiri moyo wake unavyoruhusu, maana mwili usiotumika hukakamaa upesi zaidi. Pumzi ikimbana, aangalie saa: ikiwa hubanwa kila dawa inapokaribia kwisha, huenda ni ugonjwa wa neva, ikiwa hubanwa alalapo na miguu imevimba, huenda ni moyo, ikiwa ana homa na makohozi, huenda ni pafu. Aandike daftarini, aamue mganga. Na ikiwa yambana ghafula au kifua chauma, asingoje siku ya kliniki.

Yule mzee wetu alikwenda tena hospitali, safari hii na binti yake na daftari moja. Mganga wa moyo alisoma aliloandika mwenziwe, akampigia simu. Mazungumzo yao, binti asema, hayakumaliza dakika kumi. Kidonge kimoja kilifutwa, kingine kikahamishiwa jioni, na juu ya maji na chumvi wakakubaliana kipimo kimoja. Karatasi zile mbili mzee alizichana mwenyewe, kwa taabu, kwa mikono yake inayotetemeka.

Hajapona, wala hatapona. Lakini hajaanguka tena tangu siku ile. Katika mkutano uliopita mwenyekiti alimwita atoe salamu za wazee. Akainuka kwa zile hatua tatu, akihesabu kwa midomo, na mkutano wote ukangoja. Ilichukua kama dakika moja. Kisha akasema aliyotaka kusema, kwa sauti yake ndogo, na watu wakanyamaza ili wamsikie.

Ahadi ya kwanza tuliyofundishwa katika Chama ilihusu undugu wa binadamu. Tunaitamka kwa sauti kubwa. Twaona kwamba dakika moja ya kumngoja mzee ainuke, na dakika kumi za waganga wawili kusemezana, ni sehemu ya ahadi hiyo hiyo. Taifa lisiloweza kuzipata dakika hizo lisiseme limekosa fedha.